Haina Neno

Msomaji mwenzangu, nataka nikuhadithie maneno mawili niliyoyatamka kisimani mwaka 2016. Niliulizwa swali, nikajibu: "Haina neno." Basi, ndiyo hayo tu. Hakuna aliyekufa kwa maneno hayo na hakuna aliyenishitaki. Lakini mie nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na mtu anayetaka kuishi kwa maneno hana budi ayafuate maneno yake kule yalikokwenda baada ya kumtoka kinywani. Haya yangu nimeyafuata miaka, na nimeona yalikofika.

Kwetu ni kaskazini ya Pemba, upande wa Wete, vilima na mabonde. Mtu wa Unguja akija kwetu hustaajabu, maana kila ukiteremka kilima unakuta kijito, na kando ya kijito bonde la mpunga, na ndani ya bonde kina mama wameinama. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Pemba hakuna maji. Maji tele. Hadithi ndefu ni ya maji ya kunywa. Mfereji upo, lakini hutoka siku unapotaka wenyewe. Usipotoka, watu wanarudi kisimani. Foleni ya kisimani ikizidi, mtoni.

Kipindupindu kilipoingia Zanzibar Septemba 2015 kilikaa mpaka katikati ya mwaka uliofuata, na kiliwapata watu zaidi ya 4,000 katika visiwa hivi. Wazee kwetu hawakuhitaji kuelezwa. Kilipofika Zanzibar mara ya kwanza, mwaka 1978, kilikiingia kijiji cha wavuvi, wakaugua watu zaidi ya 400 na wakafa kama 50. Ukitaja jina lake mbele ya mzee wa umri ule, huangalia chini.

Basi sheha akatafuta vijana wanaojua kusoma na kuhesabu. Mie nilikuwa kidato cha nne. Tukafunzwa siku moja, tukapewa dawa ya klorini ndani ya dumu na sirinji kubwa isiyo na sindano. Kazi yenyewe nyepesi: unakaa kisimani tangu alfajiri, kila anayechota unamtilia kipimo katika ndoo yake, unamwambia asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Nilijiona daktari, usinicheke.

Siku ile ya mafunzo mwenzetu mmoja aliuliza: kama dawa hii inaua vijidudu, sisi je haituui? Mkufunzi wetu, mtu mpole kweli, akasema ukweli. Alisema ukiinywa miaka mingi katika maji machafu huenda ikawa na ubaya wake, wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaupima, lakini ni mdogo. Kisha akanyanyua kidole: "Haya msiyaseme kisimani. Watu watakimbia."

Siku ya tatu akaja Bibi, mama yake baba, na ndoo yake ya buluu. Nikamtilia. Akainama, akanusa, akakunja uso.

"Mume wangu," aliniambia, maana kwetu bibi na mjukuu utani wao ndio huo, "dawa yako inanuka jiki. Haina madhara?"

Nyuma yake foleni ya watu ishirini, masikio wazi.

"Haina neno, Bibi."

Akaitwika ndoo yake akaondoka. Naomba uliangalie jibu langu vizuri. Sikusema "ni bora kuliko kipindupindu", ambayo ni kweli tupu. Sikusema "ina dogo lake, nitakueleza jioni nyumbani", wakati nyumba yake na yetu zinatenganishwa na mwembe mmoja. Nilisema hakuna kitu, na mie nilikuwa nimeambiwa kitu kipo.

Sasa hicho kitu ni nini? Nimekisoma baadaye, kidogo kidogo, kwa tamaa ya mtu asiyekwenda chuo. Klorini ikiingia katika maji safi inaua vijidudu, kwisha. Lakini ikikutana na majani yaliyooza, mizizi na matope, inazaa vitu vingine, kimoja wapo klorofomu. Mkemia wa Kiholanzi aitwaye Rook aliligundua jambo hilo katika maji ya Rotterdam akalichapisha mwaka 1974. Jamaa nzima ya vitu hivyo wataalamu wanaiita trihalomethani. Tangu hapo wamewahesabu watu waliokunywa maji ya mfereji yenye vitu hivyo kwa miaka thelathini, arubaini, na saratani inayorudi mara kwa mara katika hesabu zao ni ya kibofu cha mkojo. Utafiti mmoja wa nchi za Ulaya, wa mwaka 2020, ulikisia kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani hiyo, kama 5 huenda ni kwa sababu ya maji hayo. Ni 5, tena kwa makisio. Sigara peke yake inachukua sehemu kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halimung'unyi: usipunguze dawa ya maji kwa kuogopa saratani, kwa sababu kipindupindu kinaweza kumuua mtu kabla jua halijazama.

Wazee walishalisema hili kwa ufupi: heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimeitafakari sana methali hii, na kila nikiitafakari inanisuta. Maana yenyewe ni ya kweli kuliko mie. Inakiri kwamba nusu nayo ni shari. Mie nilimpa Bibi nusu shari, nikamwambia ni heri tupu.

Kipindupindu kikaisha. Nikarudisha sirinji, nikafanya mitihani, nikafeli pale nilipofeli, nikaanza kuandika riwaya ambayo mpaka leo imesimama sura ya tatu kama punda aliyeona maji. Kisha, mwaka 2019, Babu akakojoa damu.

Hapa lazima nirudi nyuma, na ukinivumilia utaona kwa nini.

Babu alizaliwa na kukulia katika mabonde haya. Enzi zao, mtoto wa kiume kukojoa damu kulikuwa ni katika kukua, kama kubadilika sauti. Walishindana nani damu yake nyekundu zaidi. Kichocho hicho. Walipopimwa wanafunzi wa skuli za Pemba katika miaka ya 1980, zaidi ya nusu yao walikuwa nacho. Zaidi ya nusu! Ugonjwa ukishika zaidi ya nusu ya watoto, huacha kuitwa ugonjwa.

Watu wengi kwetu waliamini kichocho kinanyweka. Hakinyweki, kinapenya kwenye ngozi. Mtu mwenye nacho anakojoa mtoni, mayai yanaanguliwa majini, viluwiluwi vyake vinaingia ndani ya konokono mdogo wa maji baridi, vinazaana humo, kisha vinatoka vingi vikaogelea kutafuta ngozi. Mama anayefua, mtoto anayeoga, mkulima wa mpunga mwenye maji ya magoti, wote ni mlango. Ndani ya mwili minyoo inakwenda kukaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu, dume na jike wamekumbatiana, inataga miaka. Mayai mengine yanatoka na mkojo. Mengine yanakwama katika nyama ya kibofu, na pale yalipokwama panauma, panavimba, panapona vibaya, panauma tena. Ukae hivyo miaka thelathini. Daktari mmoja wa Cairo aliandika tangu mwaka 1911 kwamba wenye kichocho ndio wanaopata saratani ya kibofu, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaukubali mnyoo huu rasmi kuwa ni chanzo cha saratani kwa binadamu, daraja moja na tumbaku.

Umeona? Kibofu kile kile. Mto wetu unakinyemelea kibofu upande mmoja, na dawa ya kusafisha kisima, kwa mbali sana, kwa unyonge sana, upande wa pili. Ningeandika hivi katika riwaya, mhariri angenambia nimelazimisha.

Kizazi chetu sisi kilikuwa na bahati. Vidonge vya prazikwanteli vilianza kugawiwa Pemba mwaka 1986, na mimi nilipokuwa skuli ya msingi ulikuja mradi mkubwa, kuanzia 2011 hadi 2017, uliotaka kukimaliza kabisa kichocho Unguja na Pemba. Wakati huo waliokutwa nacho skulini kwetu Pemba walikuwa wameshuka hadi chini ya 10 katika kila 100. Ninaikumbuka ile fimbo ya kupimia kimo: unasimama kando yake, kichwa chako kikifika mstari fulani unapewa vidonge idadi fulani, vichungu ajabu. Ninawakumbuka na wanaume waliobeba mabomba mgongoni wakipulizia kijito dawa ya kuua konokono. Samaki wadogo wakaelea matumbo juu, nasi tukakatazwa kuwaokota. Mwenzangu mmoja aliuliza, samaki wamekosa nini? Sikumbuki kama alijibiwa.

Babu hakuwa na bahati hiyo. Vidonge vilipofika yeye alikwishakuwa mtu mzima, na mayai yake yalikwishakwama. Kwa hiyo damu ilipokuja tena mwaka 2019, unadhani alifanya nini? Alicheka. Alimwambia baba yangu: "Kichocho kimerudi kunisalimia." Hakuogopa, kwa sababu alikwishafunzwa tangu mdogo kwamba damu ile si kitu. Haina neno. Alikaa nayo miezi minane. Alipokwenda hospitali, daktari alimtazama, akatutazama sisi, akashusha pumzi. Tulimpeleka Dar es Salaam. Alirudi mwembamba kama ufito, akafa mwaka 2020, mwezi wa mfungo, baada ya futari.

Nilimuuliza daktari kama ni kichocho. Akasema inawezekana sana. Akauliza kama Babu alikuwa akivuta. Alikuwa akivuta, tena sana, tangu ujana wa kuchuma karafuu. Basi, akasema, na hiyo pia inawezekana sana. Kwa mtu mmoja huwezi kujua. Kwa watu elfu unaweza kusema mia kadhaa ni kwa sababu hii na mia kadhaa ni kwa sababu ile, lakini ukinyooshewa mtu mmoja mwenye jina na kanzu yake, hesabu inanyamaza. Jambo hili linanitia hofu kuliko saratani yenyewe. Kwa sababu kama haijulikani nani amemdhuru nani, basi kila mmoja wetu anaweza kutia kidogo katika ndoo ya mwenziwe na kulala usingizi.

Baada ya arubaini, Bibi aliletewa habari. Jirani alimsikilizisha sauti kwenye simu, mtu asiyejulikana anasema dawa ya maji inaleta kansa ya kibofu. Bibi akavuka kivuli cha mwembe akaja kunikuta nimekaa na daftari langu.

"Mume wangu, ile dawa uliyotutilia kisimani."

Nilimweleza ukweli, na safari hii ukweli wenyewe ulikuwa upande wangu. Nilimwambia haiwezekani. Saratani ya Babu ilichukua miaka kujijenga, na dawa yangu ilikuwa ya miezi mitatu tu. Nilimwambia habari ya mto, ya konokono, ya mayai. Nilisema vizuri, nadhani sijapata kusema vizuri vile.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na ile siku nilipokuuliza, ulikuwa unajua kama ina kitu?"

Nilikawia kujibu. Nilikawia labda muda wa kumeza mate.

"Haya," alisema, akajifunga kanga yake, akarudi kwake.

Tangu siku ile Bibi hakutia dawa katika maji yake. Akaanza kunywa ya kisimani vile vile yalivyo, na wajukuu na vitukuu waliokuwa wakishinda kwake wakanywa naye. Masika ya mwaka uliofuata mtoto wa dada yangu, wa miaka miwili, aliharisha hadi macho yakazama, akalazwa siku mbili na dripu mkononi. Alipona, alhamdulillahi. Ilikuwa ni maji ya Bibi? Labda. Labda lilikuwa ni embe lililookotwa chini. Kwa mtu mmoja huwezi kujua. Nilikaa kando ya kile kitanda nikayasikia maneno ya daktari yananirudia, nikajua ninayatumia kujificha.

Nina rafiki ambaye ni muuguzi, na tumebishana juu ya hili mpaka chai ikapoa. Yeye anasema sikukosa kitu. "Wewe ulikuwa na watu ishirini kwenye foleni," anasema. "Ungemwambia Bibi ina dogo lake, wangesikia nusu, nusu hiyo ingefika kijiji cha pili imekuwa sumu, na kina mama wangechota mtoni. Ungeua watu kwa ukweli wako." Sina dharau na hoja hii. Yeye amewaona wanaokufa kwa kuharisha, mie nimewaona wachache. Na tena anaongeza, kwa haki kabisa, kwamba ukweli usio na njia ya kutokea ni mzigo tu. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa ukweli mtupu: usiingie mtoni, kuna kichocho. Mama yangu aliambiwa pia. Alitikisa kichwa, akakunja nguo yake, akaingia bondeni, kwa sababu mpunga hauoteshwi sebuleni. Hata ule mradi mkubwa waliliona hilo, ndiyo maana baadhi ya sehemu walijenga na mahali pa kufulia, mtu apate pa kwenda akiambiwa asiende mtoni.

Yote hayo nayakubali. Lakini kuna nchi moja ambayo hoja ya rafiki yangu ilijaribiwa kwa ukubwa wake wote, nayo ni Misri.

Misri ndiko mnyoo wa kichocho ulikotambuliwa kwanza, mwaka 1851, na daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Wakulima wa mto Nile waliugua kama babu zetu, na zaidi. Basi serikali ikaanzisha kampeni kubwa, na tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu kwa mamilioni walidungwa sindano ya dawa kali yenye madini ya antimoni. Sindano si moja, ni mfululizo wa sindano, na zilitumika tena na tena kwa watu mbalimbali bila kuchemshwa ipasavyo. Nia ilikuwa njema, sina shaka. Lakini katika zile sindano alisafiri mdudu mwingine ambaye siku zile hakuwa na jina, wa homa ya ini aina ya C. Anakaa kimya miaka ishirini, kisha anaharibu ini, na mwisho wake kwa baadhi ni saratani ya ini. Misri ikawa nchi iliyoathirika na ugonjwa huo kuliko zote duniani. Walikiokoa kibofu kwa kuliuza ini.

Hebu fikiri ungekuwa wewe ndiye muuguzi uliyeshika sindano. Hukujua. Huna dhambi ya uongo, maana huwezi kuficha usichokijua. Lakini ile siku ulipojua, je? Wamisri walikaa muda mrefu na mzigo huo, kisha mwaka 2018 serikali ikatangaza kampeni ya kuwapima watu wote wazima, wakapimwa kama milioni 50, na waliokutwa nao wakapewa dawa bure. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya mbele katika safari ya kuumaliza ugonjwa huo. Katika kisa hiki kinachonishika ni kwamba huwezi kumwita mtu aje apimwe bila ya kumwambia kwanza kwamba huenda anao. Dawa ya pili haikuwezekana mpaka watu waambiwe. Ungekuwa na daktari aliyesema tangu awali "haina neno" na bado anang'ang'ania, milioni 50 wangekuja kufanya nini?

Wanaopenda tamthilia watanitajia Ibsen, yule Mnorwei, na tamthilia yake ya 1882 juu ya daktari anayegundua kwamba maji ya kuogea ya mji wake yana sumu, na mji mzima unamgeuka. Niliisoma muhtasari wake nikamwonea wivu daktari yule. Kazi yake ilikuwa nyepesi! Maji mabaya, wanaoficha ni wenye tamaa ya fedha, na yeye mwenye ukweli amesimama peke yake kama minara ya msikiti. Mie sikuwa na tajiri wa kumshutumu. Dawa yangu ilikuwa njema, mkufunzi wangu alikuwa mwema, na uongo wangu ulikuwa wa kuokoa watu. Hiyo ndiyo sura ya nne ya riwaya yangu ninayoshindwa kuiandika, kwa sababu sijui nimweke wapi mtu mbaya.

Nadhani kosa liko hapa, nalisema nikijua nitabishiwa. Bibi hakuniuliza habari ya hesabu za Ulaya. Aliniuliza kama mtu anayemkabidhi mwenzake kitu chake akishikie: ewe uliyesoma, nitazamie. Alinipa haki yake ya kuamua, kwa amana, kwa dakika moja. Mie nikaamua mahali pake, kisha nikamrudishia amana tupu, na sikumwambia kama nimeamua. Laiti ningemwambia, angekunywa tu. Namjua. Mwanamke aliyeiona 1978 hakimbii harufu ya jiki. Nilimdharau nikidhani ninamhurumia. Na siku nilipohitaji aniamini, siku ambayo "hapana" yangu ilikuwa kweli tupu, nilikuta nimeshaila akiba yote.

Rafiki yangu muuguzi anajibu: "Huyo ni Bibi yako. Na wale ishirini wengine je?" Sina jibu zuri. Nasema tu kwamba wale ishirini nao kila mmoja ana mwembe wake na mjukuu wake, na jioni ni ndefu.

Mwaka jana nilivuka kivuli cha mwembe mimi. Nilimkuta Bibi anapepeta mchele. Sikukaa juu ya kiti, nilikaa chini, nikamwambia yote kwa mpangilio: nilivyofunzwa, nilivyokatazwa kusema, nilivyojua. Nikamwambia dawa ina dogo lake, la miaka mingi, na kwamba kipindupindu kina kubwa lake, la siku moja. Nikamwambia dogo lenyewe linatokana na majani na matope, si maji matupu.

Hakusimamisha ungo. "Basi hilo dogo halipunguziki?"

"Linapunguzika. Uchuje maji kwanza kwa kitambaa kizito kilichokunjwa, yatoke majani, ndiyo utie dawa. Ukishasubiri nusu saa, uyaache yapate hewa chini ya kitambaa chepesi, mengine yanapaa. Na kisima kifunikwe, kisiwe kinaangukiwa na majani ya mwembe."

"Hayo ndiyo ungenambia siku ile," alisema. "Kitambaa ninacho."

Aliinuka akaenda ndani, akarudi na kipande cha kanga kuukuu na ile ndoo ya buluu, ambayo sasa ina ufa umezibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Alichuja mwenyewe. Kidonge alinipa mimi nikitie, akakaa akihesabu nusu saa kwa mchele anaopepeta, maana saa hana. Ilipotimia alichota kata moja, akanusa, akakunja uso vile vile kama mwaka ule, akaninyooshea.

"Kunywa wewe kwanza."